Nataka kukata Land Cruiser 80 ya plastiki iwe pikapu, nianzie wapi?

Mwanakibirizi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Nipo Kigoma, Mwanga. Kaka yangu kaniletea seti ya Tamiya ya Toyota Land Cruiser 80, ile ya kuunga mwenyewe, skeli ya 1/24, yaani kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24. Ni stesheni wagoni, milango minne, paa limekwenda hadi nyuma. Mimi nataka pikapu, kama zile zinazosubiri mzigo Kibirizi boti zikishatia nanga: vumbi jekundu hadi kwenye vioo, ngao mbele, magunia nyuma na turubai juu yake. Hayo ndiyo magari niliyokua nayaona, na sijawahi kuona kiwanda kilichoyaweka kwenye boksi.

Bodi bado nzima. Nimechora tu mstari wa penseli nyuma ya mlango wa mbele, nikasimama hapo. Nikikata, ukuta wa nyuma wa kebini nautengeneza kwa kitu gani? Huku duka la vifaa vya modeli hakuna, kuna hadiweya, maduka ya spea na steshenari. Puti ya mafundi rangi inafaa kwenye plastiki hii? Na gundi ya mabomba je? Mwenye uzoefu anifafanulie taratibu, bodi ni hii moja tu.

Mzee wa Stesheni

Kijana, kabla hujashika kisu amua ni pikapu ipi. Toyota hawakutoa 80 ya pikapu kiwandani. Kama unazozisema ni zile Land Cruiser 79, zinazotoka kiwandani zikiwa pikapu, elewa kwamba ni gari jingine kabisa. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma 79 ya kebini moja ina milimita 3180, 80 ina 2850. Gawanya kwa 24 unapata 132.5 na 118.75. Maana yake chesisi uirefushe karibu milimita 14, halafu ubadilishe boneti, madigadi, shoo, kioo cha mbele, vyote. Hapo utakuwa umebakiza matairi tu.

Ushauri wangu, bakiza uso wa 80 na utengeneze pikapu ya gereji, gari ambalo mwenyewe alilipeleka kwa fundi likakatwa paa.

Mwanakibirizi

Ahsante mzee wangu. Nimekuelewa, nabaki na 80 na chesisi siigusi. Sasa huo ukuta wa nyuma?

Dada wa Maketi

Mdogo wangu, ukuta unao tayari, uko mkononi mwako. Geuza bodi uangalie nyuma. Mlango wa nyuma wa 80 hiyo umegawanyika juu na chini. Nusu ya chini iache palepale ilipo, ndiyo itakuwa mlango wa karoseri. Nusu ya juu, pamoja na kioo chake, nguzo za nyuma na kipande kifupi cha paa, ikate yote kwa pamoja uisogeze mbele hadi nyuma ya viti vya mbele. Huo ndio mgongo wa kebini, na dirisha lake limo.

Nakwambia hivi kwa sababu kona za paa ndizo zinazowashinda watu. Plastiki bapa huwezi kuipinda pande mbili kwa wakati mmoja ikakubali. Kona za kiwandani zimeshapindwa vizuri, kwa nini uzitupe?

Ila pima kwanza. Paa la gari halina upana uleule kutoka mbele hadi nyuma. Pima pale kwenye nguzo ya kati, pima na nyuma kabisa. Kipande cha nyuma kikiwa chembamba, tofauti igawe sawa pande mbili na uzibe kwa ukanda mwembamba wa plastiki kila upande, usije ukaona umepinda rangi ikishakauka.

Kukata: usitumie makali ya kisu, tumia mgongo wa ncha. Makali yanapasua plastiki na yanapotea njia, mgongo unachimba mfereji. Bandika selotepu ngumu pembeni ya mstari iwe reli, kisha vuta kisu kwa mkono mwepesi, tena na tena katika njia ileile. Ukiona uzi mwembamba wa plastiki unajikunja mbele ya ncha ujue unakwenda vizuri. Ukiona unga, umelaza kisu vibaya. Na usikate juu ya mstari wenyewe, bakiza kama milimita 2 nje yake umalizie kwa msasa. Kwenye nguzo nenda pole zaidi, zinavunjika kwa kukandamizwa kidogo tu.

Milango ya nyuma inageuka kuwa ubavu wa karoseri. Vitasa uvisawazishe kwa msasa, mistari ya milango uizibe. Halafu jambo ambalo wengi wanalisahau: plastiki ya milimita 1 kwa skeli yako ni sawa na ubao wa milimita 24 kwenye gari halisi. Ukingo wa karoseri ukiuacha hivyo utaonekana umejengwa kwa mbao. Uchonge kwa ndani, mshazari, hadi ukingo wa juu ubaki mwembamba kama bati.

Mwanakibirizi

Dada, hapa umenifungua macho. Nilikuwa naangalia mstari wangu tu, mlango wa nyuma sikuufikiria. Sakafu ya karoseri na kuta za ndani natoa wapi plastiki?

Dada wa Maketi

Makasha ya CD za zamani. Ni polistirini, familia moja na seti yako, kwa hiyo gundi ya modeli inayashika. Ni magumu na yanapasuka haraka, yanafaa kwa sehemu zilizonyooka na kwa vioo. Kwa sehemu za kukunjakunja tafuta vikombe vya mtindi vyenye pembetatu na namba 6 chini. Namba 5 achana nayo, hiyo ni polipropilini, haishikwi na gundi ya modeli.

Kisipokuwa na namba, kata kipande ukizamishe kwenye glasi ya maji. Polistirini inazama, polipropilini inaelea. Kuzama peke yake hakutoshi, chupa za maji ya kunywa nazo zinazama na si polistirini. Kwa hiyo weka na tone la gundi: plastiki ikilainika na kunata, ndiyo yenyewe.

Fundi Rangi Isevya

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni fundi rangi wa magari makubwa, haya madogo ni mapenzi yangu ya Jumapili. Nijibu la puti na gundi.

Gundi ya mabomba usiisogeze hapo. Ina viyeyusho vikali, inakula plastiki nyembamba kuliko unavyotaka na bodi inalegea.

Puti ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, inafaa, kwa masharti. Ndani yake kuna stirini, ambayo ni kiyeyusho cha plastiki hiyohiyo, na ikishika inatoa joto. Ukiijaza nene kwa mkupuo mmoja, bodi inaweza kubonyea. Paka nyembamba, iache ishike, piga msasa, rudia. Ile puti ya tyubu isiyo na hadina inafaa kwa mikwaruzo tu, maana inasinyaa ikikauka.

Mistari ya milango mimi naziba kwa supa gluu na bikabonati ya soda. Tiririsha supa gluu kwenye mfereji, nyunyizia unga, inashika papo hapo. Piga msasa siku hiyohiyo, ukiiacha ilale inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni na msasa utachimba pembeni.

Dada wa Maketi

Fundi, kwa mistari nakubali. Kwa kiungo cha paa sikubali. Supa gluu haipendi kutikiswa, gari likidondoka kiungo kinaachia. Pale inatakiwa gundi ya modeli, inayeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Na kwa ndani uweke ukanda wa plastiki kama plasta, upitie kiungo chote. Iache hadi kesho yake ndiyo uguse msasa.

Fundi Rangi Isevya

Hapo sina ubishi, kiungo cha paa kiwe cha gundi ya modeli.

Mwanakibirizi

Nashukuru sana. Makasha ya CD yapo mengi nyumbani. La mwisho: ngao, na rangi. Mvua huku zimeshaanza na nina kopo la spreyi.

Mzee wa Stesheni

Ngao tumia vile vijiti vya fremu vilivyoshika vipande kwenye seti. Bomba la milimita 60 kwa skeli yako ni milimita 2.5, vingi vinakaribia unene huo. Pasha juu ya mshumaa bila kugusa moto, plastiki ikilegea pinda, shikilia hadi ipoe.

Fundi Rangi Isevya

Prima kwanza, yaani rangi ya msingi, na hapo ndipo utaona kila kosa la msasa. Msasa anza na namba 400, malizia 1000, kwa maji. Spreyi ikiwa ya tina, mkupuo wa kwanza uwe ukungu tu, usilowanishe, la sivyo tina inachora plastiki. Siku ya unyevunyevu usipulize, rangi inapauka inakuwa na utando mweupe. Subiri mchana wa jua, kopo liloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto.

Vumbi la Kibirizi usitumie udongo wenyewe. Chembe ya nusu milimita hapo ni kokoto ya milimita 12. Saga chaki nyekundu na ya kahawia, chekecha kwa kitambaa chepesi, paka kwa brashi laini kuanzia chini ya milango kwenda juu, uzidishe nyuma ya matairi.

Ukimaliza kukata tuwekee picha kabla hujapaka prima, tuangalie kiungo cha paa.