Maumivu ya shingo: ulipimwaje, ukatibiwaje? Tupeane uzoefu

Fundi wa Pindo
Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni fundi cherehani, kutwa kichwa chini. Shingo ilianza kukaza upande wa kulia, ikashuka begani, mwisho kidole gumba na cha shahada vikawa vinakufa ganzi, sindano inaniponyoka. Duka la dawa wakanipa diklofenaki ya kutuliza maumivu hadi tumbo likaanza kuwaka.

Nikaenda hospitali nikijua nitapigwa picha. Dada wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi na viungo) hata hakuitaja. Maswali tu: una homa? Umepungua uzito? Maumivu yanakuamsha usiku? Miguu ina nguvu, haja ndogo unaizuia vizuri? Vifungo vya shati unafunga bila shida? Halafu akaniambia nipinde shingo upande unaouma, akakandamiza utosi taratibu. Jamani, kama shoti ya umeme hadi kwenye gumba! Akagonga mkono kwa kinyundo cha mpira, akapima nguvu za kiwiko na kiganja, akasema neva inayotokea kati ya pingili (mfupa) ya 5 na ya 6 ya shingo ndiyo inabanwa.

Tiba ilikuwa mazoezi: kurudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kukaza misuli ya mbele ya shingo, kuvuta mabega nyuma. Meza ya cherehani nikaiinua kwa matofali. Ganzi imeondoka polepole, ya gumba ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nanyi mlipimwaje?

Chuma Mbili
Mimi boda. Tiba yangu ni kinyozi: akimaliza kunyoa anakamata kidevu, anageuza ghafla, *kwaa!* Raha yake we acha. Ila siku moja nikatoka pale dunia inazunguka, nikatapika barabarani. Sijarudia.

Fizio wa Zamu
@Chuma Mbili bora umeacha. Kuna mishipa ya damu inayopanda ubongoni ikipita kwenye matundu ya pingili za shingo. Ikichanika ndani, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi. Hutokea mara chache, lakini kinyozi hajui yako ikoje. Kizunguzungu kikirudi, au ukiona vitu viwili viwili, ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Binti Likoni
Mamangu alipigwa eksirei, akaambiwa "mifupa imesagika". Basi, akaacha kila kitu, hata kukuna nazi! Shingo ikazidi kukauka. Daktari wa pili alimwambia ukipiga picha watu wa rika lake wasioumwa kabisa, wengi utakuta hivyohivyo. Akapewa mazoezi na maji ya moto ya kukanda. Sasa anatugombeza kama zamani.

Abiria wa Nyuma
Yangu ni ajali ya pikipiki. Watu wakataka kuninyanyua wanitie kwenye bajaji, bahati alikuwepo nesi, akapiga kelele: "Msimguse!" Akanishika kichwa kisicheze hadi gari lilipofika. Hospitali wakanibonyeza katikati ya shingo mfupa kwa mfupa, wakauliza ganzi, na picha wakapiga. Kwa ajali kama ile picha haikuwa ya kujadili. Mfupa ulikuwa mzima. Kola ya kushikilia shingo nikavaa siku chache tu, wakaniambia nianze kugeuza shingo mapema.

Mjukuu wa Shekhe
Baba mdogo alichuliwa shingo mtaani mpaka mchuaji akachoka. Kumbe usiku anatoka jasho la kulowesha shuka na suruali zinamvuka. Fizio aliposikia hayo hakumgusa, akamrudisha kwa daktari moja kwa moja. TB ya mifupa ya shingo. Dawa kameza muda mrefu, bure, anatembea.

Fizio wa Zamu
Ndiyo maana tunauliza kabla ya kushika. Shingo nyingi hazina jambo kubwa, zinatulia ndani ya wiki kadhaa mtu akiendelea kujongea. Wa kukimbizwa ni mwenye shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kikali, miguu inayolegea, mikono inayoangusha vitu au mkojo usiozuilika.

Fundi wa Pindo
Swali la mwisho dokta: mto mmoja au miwili?

Fizio wa Zamu
Mimi si dokta, mkuu 😂. Ukilala ubavu, mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na sikio. Ukilala chali, mwembamba zaidi. Kifudifudi acha, unalala umegeuza shingo usiku kucha.