Niuze gari nilipie ada ya uzamili, au nibaki nalo? Naombeni ushauri

Msomi wa Jioni
Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili, masomo yanaanza baada ya miezi 10. Sina mfadhili wala mkopo, ada natoa mfukoni. Mchana niko kazini, vipindi ni vya jioni.

Kinachonitesa ni gari. Halina deni, ila lina miaka 12 na limeshatembea kilomita 140,000. Kila nikianza akiba linaibuka na lake: juzi matairi, sasa shokapu, na bima inaisha wiki ileile ya kulipa ada. Miezi 3 mfululizo nimechomoa hela ya ada nikampa fundi. Inaniumiza, masomo haya nimeyasubiri miaka. Niliuze? Usiku nikitoka darasani usafiri ni wa shida.

Daftari Jekundu
Usiuze kwa hasira. Andika kila kinachoingia kwenye gari: mafuta, oili, maegesho, fundi, na bima uigawe kwa 12. Jumla ya mwezi igawe kwa kilomita ulizotembea, ndipo ulinganishe na nauli. Wengi hulinganisha nauli na mafuta tu, na hapo ndipo hesabu inapowadanganya.

Fundi Mstaafu
Mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini ziende sawa na pistoni, ulibadilishwa lini? Kama injini yako ni ya mkanda, si ya cheni, na hujui, shughulikia hilo kwanza. Ukikatika, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu, na hapo ada ya muhula imekwenda. Maji ya rejeta yakipungua bila sababu usiyapuuze, maana gari likichemsha mara moja tu silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inaweza kupinda. Pima upepo wa matairi pia, ukipungua gari linakunywa mafuta. Na tafadhali, usiahirishe kumwaga oili eti unabana hela ya ada.

Mama Tasnifu
Mdogo wangu, shida ni kwamba ada na fundi wanakula chungu kimoja. Tenganisha. Mshahara ukiingia, ya ada itoke kwanza, iende akaunti isiyo na kadi. Bima, matairi na sevisi za mwaka zijumlishe, ugawe kwa 12, uweke pembeni kila mwezi. Uliza chuo kama kinapokea ada kwa awamu.

Halafu usihesabu ada peke yake. Kuna gharama za utafiti, kuchapa na kujalidi tasnifu, na ukichelewa kumaliza unaweza kutozwa kwa kuongeza muda. Mimi hilo lilinikuta: nililipa muhula mzima ambao sikuupangia.

Mtembea kwa Miguu
Mimi niliuza na sijutii, ila nilikuwa nakaa karibu na chuo. Ukiuza, hela iende kwenye ada siku hiyohiyo. Yangu ilikaa mkononi wiki 3, robo ikapukutika.

Msomi wa Jioni
Asanteni sana. Nimepiga hesabu: mafuta hayafiki nusu ya gharama zote, jambo ambalo sikulijua. Chuo kinapokea awamu 3. Mkanda sina kumbukumbu yake, Jumamosi naupeleka ukaguliwe. Gari nabaki nalo hadi muhula wa kwanza uishe, nitaliendesha siku za vipindi tu. Fundi, likilala siku 4 betri haitakufa?

Fundi Mstaafu
Kama betri ni nzima, siku 4 si kitu. Ila ukiliwasha, litembeze nusu saa. Kuliunguruma dakika 2 limesimama hakujazi betri.