Funguo za Redis zinabaki ingawa nimeziwekea muda wa kuisha

Swali
Ndugu wataalamu, natumia Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye kumbukumbu ya seva) kama kache, yaani akiba ya muda, ya wasifu wa watumiaji ili programu isiisumbue hifadhidata kila mara. Kila ufunguo (jina ambalo thamani huhifadhiwa chini yake) unawekwa kwa amri ya SET, kisha inafuata EXPIRE, amri ya kuweka muda wa kuisha, ya sekunde 600. Funguo nyingi hutoweka kwa wakati, lakini baadhi hukaa siku nzima, na nikizikagua kwa amri ya TTL, inayoonyesha muda uliosalia, napata -1. Je, kuna mpangilio wa seva unaohitajika, au Redis huchelewa kufuta?

Jibu
Seva haihusiki. Jibu la -1 maana yake ni kwamba ufunguo upo lakini hauna kikomo chochote cha muda. Kama ungekuwa umekwisha kufutwa, ungepata -2. Tafuta mahali ambapo ufunguo uleule unaandikwa upya, kwa mfano mtumiaji anapobadilisha picha yake, kwa kuwa SET ya kawaida huondoa thamani ya zamani pamoja na muda wake. Afadhali utumie amri moja:

SET wasifu:41 "..." EX 600

Kwa njia hiyo, hata programu ikizimika ghafla, hakuna ufunguo utakaoachwa kati ya SET na EXPIRE. Ukitaka kubadilisha thamani huku muda uliosalia ukiendelea kuhesabiwa, ongeza KEEPTTL, iliyopatikana kuanzia toleo la 6.0. INCR (kuongeza namba) na HSET (kubadilisha sehemu ya rekodi) haziugusi muda wa ufunguo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Ipo kazi ya usiku inayoandika wasifu wote upya kwa SET tupu. Je, nikiiongezea EX 600 itatosha?

Jibu
Itatosha kwa funguo mpya, ila kazi hiyo ikiandika maelfu ya wasifu kwa mpigo, zote zitaisha karibu wakati mmoja na maombi yote yataiangukia hifadhidata. Kwa kila ufunguo, jumlisha na 600 namba ya kubahatisha kati ya 0 na 120, ili zipishane. Zile zilizokwisha kukwama zipitie kwa SCAN, inayoorodhesha funguo kidogo kidogo, uziwekee EXPIRE. Usitumie KEYS, inayoorodhesha zote kwa mara moja, kwenye seva inayohudumia watu, kwani huzuia amri nyingine hadi imalize. Pia kagua maxmemory-policy, mpangilio wa funguo zipi ziondolewe kumbukumbu ikijaa: ikiwa ni volatile-lru, kumbukumbu ikijaa Redis huondoa funguo zenye muda pekee, kwa hiyo zile za -1 ndizo zitakazosalia.

Jibu
Nyongeza kwa wanaotumia msimbo mmoja kwa Redis na Memcached (programu nyingine ya kache): katika Memcached, muda unaozidi sekunde 2592000, yaani siku 30, huchukuliwa kuwa tarehe ya Unix, yaani sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970. Ukiandika 5184000 ukikusudia siku 60, seva itaisoma kama tarehe ya Machi 1970, na kitu chako kitahesabiwa kuwa kimekwisha muda palepale bila ujumbe wowote wa kosa.