Nimetoka jela, natafuta chumba Dar. Nimwambie mwenye nyumba au ninyamaze?

fundi_vioo

Habari za saa hizi wakuu, naomba ushauri wa kweli maana hili jambo linaninyima usingizi.

Nina miaka 31, nilifungwa kwa kesi ya kupokea mali ya wizi, nilinunua simu mbili na kompyuta kwa jamaa huku naona kabisa bei haiendani, kwa hiyo hapo sijitetei. Nilipigwa mvua tatu nikala mbili, maana ukikaa na tabia nzuri theluthi moja inaondoka, nimetoka Ukonga mwaka jana. Sasa hivi nipo karakana ya aluminiamu, nakata fremu za madirisha na kupachika vioo, kazi ikiwepo napata kama elfu 15 kwa siku.

Shida ni chumba. Mwezi wa tatu nilipata single Buza, elfu 40, nikalipa miezi mitatu na dalali nikampa yake ya mwezi mmoja. Nimekaa siku kumi na moja tu. Kuna mama mmoja pale uani kaka yake nilikuwa naye ndani, akanijua. Jioni narudi kazini nakuta godoro langu limeegeshwa ukutani nje, ndoo na jiko pembeni, faza hausi amekaa kwenye kiti cha plastiki ananisubiri na hela yangu ameikunja kwenye karatasi ya daftari. Hakunitukana. Alisema tu "kijana, nina wapangaji sita na wote wamesema watahama". Akakata za siku nilizokaa, ya dalali ndo ikaenda hivyo. Nikapakia kwenye guta saa mbili usiku watu wamesimama milangoni wananiangalia, mtu hata pole hakuna.

Sasa nalala sebuleni kwa dada Gongo la Mboto. Shemeji hajasema kitu lakini naona mwenyewe, watoto wanazima tivi mapema kwa ajili yangu na dada anaongea kwa kunong'ona kwenye nyumba yake. Nina hela ya miezi mitatu mkononi. Nikipata chumba kingine niseme mwanzoni, au nikae kimya mpaka siku watakayojua?

Temeke_Kwetu

Pole sana mkuu. Mimi nasema usiseme. Umeshatumikia adhabu yako ikaisha, mwenye nyumba sio hakimu. Hapa mjini mtu anakuuliza unafanya kazi gani, una familia, unapiga miziki usiku? basi. Hakuna anayekuuliza kama umewahi kufungwa na polisi hawampi kila faza hausi rekodi za watu. Ukisema wewe mwenyewe utazunguka Dar nzima hupati. Hamia mbali na watu wanaokujua, nenda Kivule, nenda Chanika huko, lipa kodi yako, salimia watu, funga mlango wako.

Na dalali usimwambie kitu kabisa, dalali akijua leo kesho mtaa mzima unajua.

mama_vyumba_saba

Mwanangu pole. Mimi ni mwenye nyumba, nipo Kitunda, nina vyumba saba uani na mimi mwenyewe naishi hapo hapo mbele. Ngoja nikwambie upande wetu ulivyo, maana huyo mwenzio hapo juu anasema ukae kimya na mimi naona ndo kilichokutoa Buza.

Sisi hatuogopi jela. Kwenye ukoo wangu wapo waliofungwa, na nani hana. Tunachoogopa ni uani. Vyumba saba, choo kimoja, luku moja tunachangia, nguo zinaanikwa kamba moja, mitungi ya gesi inakaa barazani. Siku kitu kikipotea watu hawatafuti mwizi, wanatafuta wa kumnyooshea kidole, na kama wanajua kuna mtu katoka ndani basi kesi imeisha. Mimi mwenye nyumba nabaki katikati, nikikutetea naambiwa nakula na wewe, nikikutoa roho inaniuma.

Nilishawahi kuwa na kijana katoka Segerea. Alikuja na bosi wake, mzee mwenye gereji pale njia ya kwenda Banana, tukakaa sebuleni watatu, kijana akasema mwenyewe kwa mdomo wake, mama nilifungwa kwa kosa hili na hili, nimetoka, nafanya kazi kwa huyu mzee, nikikukosea muite yeye. Hakuomba huruma. Sikulala vizuri siku ile nakwambia ukweli, lakini nikampa chumba, nikachukua kodi ya mwezi mmoja kwanza tuangaliane.

Mwezi wa tano au wa sita hivi mtungi wa gesi wa mpangaji mmoja ukapotea. Watu wote macho kwake. Yule kijana hakugombana, alifungua mlango wake wazi, akatoa kitanda nje, akatoa sanduku, akaniambia mama muite mjumbe aje aangalie. Mjumbe akaja akaangalia mbele ya watu wote, hakuna kitu. Baada ya siku tatu ikajulikana ni mtoto wa mwenye mtungi mwenyewe kaupeleka kwa wakala. Kijana alikuwa anatandika kitanda chake anarudisha vitu ndani na hakuna aliyemsaidia, nilienda kushika upande mmoja wa godoro mimi. Alikaa kwangu miaka minne, ameondoka kwa sababu kaoa anataka vyumba viwili.

Kama angenificha nikaja kujua siku ile ya mtungi, ningemtoa. Nasema ukweli wangu. Kwa hiyo sema, lakini sema kwa mwenye nyumba peke yake, kabla hujatoa hela, na uende na mtu mzima anayekufahamu sasa hivi. Usiseme mbele ya wapangaji, hao haiwahusu.

Temeke_Kwetu

Mama nimekuelewa, lakini wenye nyumba kama wewe ni wangapi? Mmoja kwa hamsini.

mama_vyumba_saba

Hata kama ni mmoja, yeye anahitaji chumba kimoja tu mwanangu.

karani_wa_kata

Niongezee upande wa makaratasi maana naona umeumizwa na hela pia.

Mkataba andika, hata wa karatasi moja, mashahidi wawili, peleka serikali ya mtaa ugongwe muhuri. Kule Buza ungekuwa na mkataba asingekutoa jioni moja. Sheria ya Ardhi inasema hata mkiwa mnalipana mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu, notisi isipungue kipindi mnacholipana, yaani mwezi. Ukitolewa tena hivyo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, halafu baraza la kata wanasuluhisha.

Kuhusu kusema au kutosema, hapo mkuu uamuzi ni wako, ila usiandike uongo. Kama kuna fomu au mkataba umeuliza umewahi kutiwa hatiani, usiandike hapana, maana kwa Sheria ya Mikataba makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu aliyedanganywa anaweza kuyavunja. Kama hakuna swali basi hujadanganya mtu.

Jingine, watu wanadai miezi sita au mwaka kwa sababu ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, sasa hivi ni makubaliano tu. Ndo maana hata huo mwezi mmoja mmoja unaweza kuuomba, sio dhambi.

Butimba_mpaka_Dar

Kaka mimi ni mmoja wa wale wafungwa 5,533 wa msamaha wa Rais tarehe 9 Desemba 2019, nilikuwa Butimba. Nakuelewa mpaka hiyo ya watoto kuzima tivi.

Kuna njia hawajaitaja hapa. Tafuta pagale la kulinda. Dar imejaa nyumba ambazo hazijaisha, mwenyewe yupo Mwanza au nje ya nchi, anataka mtu alale pale vitu visichukuliwe, halipi sana lakini haudai kodi. Wewe ni fundi wa aluminiamu, unaingia kwenye hizo nyumba kila wiki kupima madirisha, mafundi ujenzi wanakujua, waambie. Mimi nilikaa Msongola mwaka mmoja na nusu kwenye nyumba haina hata plasta, maji ya kununua dumu, mbu usiseme, lakini nilikuwa na mlango wangu na nikaweka akiba ya kodi.

Ila sikiliza vizuri hapa. Siku ya kwanza mwambie mwenye nyumba au fundi mkuu mhesabu kila kitu, nondo ngapi, mifuko ya simenti mingapi, mbao ngapi, muandike wote msaini na upige picha kwa simu. Kwa watu kama sisi hiyo karatasi ni muhimu kuliko chakula. Mimi mfuko mmoja wa simenti ulipungua, ile karatasi ndo ilionyesha haukuwepo toka mwanzo.

fundi_vioo

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa kujibu. Pagale nimeulizia nimepata moja lakini kuna watu wawili tayari. Nikafanya kama mama alivyosema. Nimemuomba bosi wangu twende wote, nilimwambia kwa aibu sana, akaacha mashine inalia akasema twende sasa hivi kabla sijabadili mawazo.

Wa kwanza Pugu akakataa, alisema asante kwa kuniambia lakini hapana, nikamshukuru. Wa pili Majohe, bibi mtu mzima sana, nimemsalimia shikamoo nikasema yote. Akakaa kimyaaa halafu akaniuliza swali moja tu, "wenye zile simu walirudishiwa?" Nikasema zilirudi bibi, mbili na kompyuta, polisi walizitoa kama vielelezo mahakamani. Akasema haya, lete elfu 35, mwezi mmoja mmoja kwanza, na mkataba tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa. Tumeandikishana jana, nahamia Jumamosi.

Nina swali la mwisho kwa mama wa Kitunda. Kitasa cha mlango kibovu na naambiwa mpangaji aliyetoka hajarudisha funguo moja. Nataka kubadilisha lakini naogopa bibi asije akaona nimeanza kujificha.

mama_vyumba_saba

Badilisha mwanangu, tena kwa usalama wako wewe. Nunua mwenyewe, funga yeye akiwepo ameketi hapo, na ukimaliza muulize kama anataka funguo moja akae nayo. Akikataa ni hiari yake. Na hiyo risiti ya kitasa itunze pamoja na mkataba.