Mrejesho: lile gauni la 1860 lililokuwa linalala

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini sketi ya gauni nililoshona kwa mtindo wa Kiingereza wa mwaka 1860 hivi inalala badala ya kusimama kama kengele, na zilibaki wiki tatu tu mashindano ya mavazi ya kale yaanze.

Aliyesema shida siyo kitambaa ila kilichoko chini alikuwa sahihi kabisa, asante sana dada. Mimi nilirundika shimizi nne zenye wanga, kumbe huo ni uvaaji wa zamani zaidi, mwaka 1856 ikaingia krinolini ya pete za chuma, yaani fremu ya kuvaa chini ya sketi ili isimame, na wanawake wakapumzika na ule mzigo. Basi nikatoa zote nikatengeneza krinolini ya pete sita za chuma bapa, zinaning'inia kwa tepu za pamba kutoka kiunoni, juu yake shimizi moja tu ili pete zisijichore, sketi ikasimama yenyewe yaani nililia.

Marinda ya kiunoni nimeyashona kwa mkono, nimekesha siku tatu. Mishono mirefu nimepiga cherehani na sioni kosa, cherehani zilishakuwepo enzi hizo.

Nimeshika nafasi ya pili! Jaji mmoja aligeuza kiuno akaangalia ndani, akauliza yale marinda nimeyashikaje. Aliyeshinda alivaa lile la miaka ya 1870 linalotuna nyuma, na alistahili kweli, ile kazi ya mapambo siiwezi bado.

Sasa mkono wa kushoto wa gauni unavuta kwapani, hapo naombeni ushauri tena.