Mjadala: Magitaa ya bendi za dansi yaliyobaki stoo yatengenezwe yapigwe, au yaachwe kama yalivyo?

Mwanzisha mada

Bendi nyingi za dansi Tanzania hazikuwa mali ya wanamuziki wake. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hadi Msondo Ngoma tunayoijua. Mlimani Park ilizaliwa 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, na 1983 ikahamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama tawala. Polisi, Magereza na JKT walikuwa na zao. Vyombo vilinunuliwa na mashirika, na mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake, gitaa likabaki.

Kwa hiyo gitaa la miaka ya 1960 au 1970 linalokutwa leo kwenye stoo ya shirika ni mali ya umma, na umma una haki ya kusema lifanywe nini. Msimamo wangu uko wazi: lifungwe nyuzi, lirudi jukwaani. Gitaa lisilolia ni ubao. Anayepinga aje, lakini aje na vipimo.

Fundi wa magitaa, Tanga

Ndugu, nakuunga mkono nusu. Gitaa lililolala miaka thelathini ukilifunga nyuzi mpya siku hiyohiyo utalivunja. Seti ya 10 hadi 46 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi), kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, inavuta shingo kwa nguvu ya kilo 47 hivi. Seti ya 9 hadi 42 inavuta kama kilo 38. Zile nene za kuanzia 12 zinapita kilo 60. Shingo iliyokaa bila mzigo miaka yote hiyo haipokei uzito huo kwa mkupuo.

Halafu kuna pwani yenyewe. Gitaa la mbao linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar, Tanga na Unguja mara nyingi inapita 70, tena ni hewa ya chumvi. Mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi, na stoo ya bati mchana inalegeza gundi ya ngozi iliyotumika zamani. Ndiyo maana utakuta daraja la gitaa la kavu limenyanyuka nyuma, au shingo imeinama mbele mpaka nyuzi zimekaa milimita 5 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), wakati zinatakiwa 2.

Kazi inakwenda hivi. Piga picha, pima kila kitu kabla hujagusa bisibisi. Kama shingo ina fimbo ya chuma ndani, tia tone la mafuta kwenye nati yake, ilegeze kwanza ndipo ukaze, robo mzunguko, kisha acha hadi kesho. Anayekaza mizunguko miwili kwa mpigo anakata fimbo, na fimbo ikikatika ndani ni kung'oa ubao wa freti wote. Unatafuta nafasi ndogo ya milimita 0.2 hadi 0.3 kati ya uzi na freti ya 7, uzi ukiwa umebanwa freti ya kwanza na ya mwisho.

Pikapu, yaani sumaku na koili inayodaka mtikisiko wa nyuzi, ipime kwa mita. Koili moja kwa kawaida husoma kilo-omu 5 hadi 8. Isiposoma kabisa, waya umekatika mahali, lakini msikimbilie kuisuka upya! Waya wake ni mwembamba kama unywele, milimita 0.06 hivi, na umezungushwa maelfu ya mara. Mara nyingi umekatika pale tu unapoungana na waya wa kutokea, kwa kutu ya kijani. Unafungua mizunguko michache ya nje, unakwangua varnishi, unalehemu, sauti inarudi ileile. Ukikatika mwanzo wa koili, ndani kabisa, hapo ndipo unafikiria kusuka.

Freti zilizobaki chini ya nusu milimita zibadilishwe zote. Ukibadilisha chache tu, nyuzi zitapiga kelele kwenye zile mpya zilizo ndefu zaidi.

Mtunza kumbukumbu

Fundi, utaratibu wako ni safi, ila karibu kila hatua yake inafuta ushahidi. Nianze na freti. Freti zilizoliwa ni maandishi. Ukiona zimeliwa kwenye nyuzi tatu nyembamba kati ya freti ya 5 na 12, hilo lilikuwa solo. Ukiona zimeliwa upana mzima karibu na kichwa, lilikuwa ridhimu. Ukizing'oa, umetupa jibu la swali ambalo hakuna karatasi ya bendi inayolijibu.

Vivyo hivyo vitufe vya volyumu na toni. Vile vya Kimarekani vina namba nyuma: 1376630 maana yake mtengenezaji namba 137, CTS, mwaka 1966, wiki ya 30. Fundi akiona kinakwaruza anakitoa, anaweka kipya cha Kariakoo, na tarehe ya gitaa inaishia kwenye pipa.

Lakini ninalolijali zaidi ni hili. Watu wakisema "lirudishwe kwenye hali yake ya asili" wanawaza kiwanda. Gitaa la Höfner lilipotoka Bubenreuth, Ujerumani, lilikuwa sawa na mengine mengi. Kilicholifanya kuwa la Morogoro au la Tabora ni yale liliyofanyiwa baada ya kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kwenye 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vyombo na vipuri haviingii. Ukikuta nati ya nyuzi, kile kipande chenye mikato karibu na kichwa, ya mfupa wa ng'ombe iliyochongwa kwa tupa, kitufe cha redio mahali pa kile cha volyumu, kipande cha mninga kimeziba tundu, au uzi uliofumuliwa kwenye waya wa breki ya baiskeli, hiyo ndiyo historia yetu ya gitaa, na haipo kwenye katalogi ya mtu yeyote. Fundi mzuri akilisafisha hadi lifanane na picha ya katalogi, ametuachia gitaa la Ujerumani.

Mpiga ridhimu

Mwalimu, sikatai mfupa wa ng'ombe. Ila muziki huu haukukaa kwenye kitufe. Ulikaa kwenye magitaa kupokezana: solo, sekondi solo, ridhimu na besi, kila mmoja akiacha nafasi kwa mwenzake, hasa wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Kijana anayepiga ridhimu kwa gitaa la leo lenye pikapu kali anaziba nafasi ya sekondi solo hata akipiga noti zilezile. Pikapu za zamani zenye nguvu ndogo zinaacha hewa. Utamfundishaje hilo kwa kumwonyesha kabati la kioo?

Mtunza kumbukumbu

Kwa kumsikilizisha kanda. Bendi hizi zilirekodi Redio Tanzania, na sauti ya mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz, hata baadaye Super Volcano aliyoiunda 1973, ipo.

Mpiga ridhimu

Kanda ina mtego wake. Mashine ikienda kasi kwa asilimia 6, wimbo mzima unapanda nusu toni. Ikizidi kwa 3, uko katikati ya funguo mbili na kijana anadhani walikuwa wanatyuni ovyo. Namna ya kujua ni kutafuta mahali solo linapogusa nyuzi wazi. Uzi wazi una mng'ao ambao uzi uliobanwa hauna. Ukiutambua, unajua funguo halisi na unarekebisha kasi. Lakini hata hapo kanda inakupa sauti iliyopita kwenye ampu, maikrofoni na mashine. Gitaa peke yake haikupi.

Fundi wa ampu

Naingilia kidogo kwa sababu ya usalama. Mnazungumzia magitaa, lakini stoo hizohizo zina ampu za valvu, na atakayepata gitaa atachomeka ampu siku hiyohiyo ajaribu. Msifanye hivyo. Ndani kuna volti 300 hadi 450, na kapasita zinaweza kushika umeme huo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mtu anakufa.

Kapasita kubwa za umeme wa ndani zikikaa miaka bila kazi zinakauka au zinashotisha. Anza kwa kuangalia kichaguzi cha volti nyuma: ampu ya Marekani iliyowekwa 110 ukiichomeka kwenye 230 yetu inaunguza transfoma. Toa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, si kwa bisibisi. Halafu washa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na ampu: balbu ikiwaka kikamilifu na kubaki hivyo, kuna shoti, ikiwaka kidogo na kufifia, endelea. Hapa sina mjadala wa uasili. Kapasita za umeme zibadilishwe, za zamani zitiwe kwenye mfuko na kuandikwa zilitoka wapi.

Fundi wa magitaa, Tanga

Hoja ya freti ya mwalimu nimeielewa, na naisogeza mbele. Mwacheni mzee, yaani gitaa la zamani, apumzike, tutengeneze pacha wake. Vipimo tunavyo, mbao tunazo. Kiwiliwili cha mkongo au mvule. Ubao wa freti wa mpingo, mti unaosafirishwa kutoka Kilwa na Lindi ukatengenezwe klarineti na obo Ulaya huku sisi tukinunua magitaa ya plastiki. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na hapo ndipo penye shida: ukiukausha kwa haraka unapasuka kuanzia kwenye vichwa. Vipake nta, weka kivulini, upe muda wa miaka, si miezi.

Freti zinapangwa kwa hesabu. Gawa urefu wa uzi kwa 17.817: kwa milimita 648 freti ya kwanza inakaa 36.4 kutoka kwenye nati. Toa hiyo, gawa tena kilichobaki, endelea hivyo. Ya 12 lazima iangukie 324. Isipoangukia hapo, kuna kosa limebebwa tangu mwanzo, usiikate mbao.

Mwanzisha mada

Pacha wako ataimba kwa pikapu gani, fundi? Sumaku na waya wa leo?

Fundi wa magitaa, Tanga

Pikapu inaweza kusukwa kufuata ya zamani ukijua unene wa waya, idadi ya mizunguko na aina ya sumaku. Kwa hiyo pikapu nzima ya zamani haifunguliwi, inapimwa tu. Ile iliyokufa moja kwa moja ndiyo ifunguliwe na mizunguko yake ihesabiwe.

Mjumbe wa kamati ya utamaduni

Mnatengeneza gitaa ambalo halijaandikwa popote. Mashirika yamebadilika majina, mengine yamefutwa, na chombo kisicho kwenye daftari kikitoka kwa fundi hakirudi. Kabla ya nati na freti iwepo kadi: namba ya kiwandani, picha za mbele, nyuma na ndani, uzito, kila kilichobadilishwa, na jina la ofisi inayolimiliki leo. Nakala mbili, moja isikae pale gitaa lilipo.

Mwanzisha mada

Kadi nakubali. Freti nazo, baada ya maelezo ya mwalimu, zisiguswe. Ila sikubali lifungiwe kimya. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitutoka 2014, na waliokaa nyuma yake na magitaa ni wazee sasa. Wao ndio wanaojua kidole kilikaa wapi. Liwekwe nyuzi za 9, zipandishwe taratibu kwa siku tatu, mzee aliyelipiga alipige kwa muda wa saa mbili. Irekodiwe kila uzi kwenye kila freti, moja kwa moja kutoka kwenye jeki bila ampu, kisha mapigo yake kamili ya solo au ridhimu, na kamera moja imwangalie mkono wa kushoto tu. Baadaye nyuzi zilegezwe toni mbili, liingie kabatini.

Mtunza kumbukumbu

Kwa masharti hayo naafiki, isipokuwa likiwa na ufa kwenye kisigino cha shingo. Hapo hata kilo 38 ni nyingi. Na waya wa breki ukikutwa juu yake utolewe mzima bila kukatwa, uzungushwe kwenye karatasi isiyo na asidi, ukae pamoja na kadi.

Mpiga ridhimu

Saa mbili hazitoshi. Mkono wa mzee unachukua nusu saa kupata moto, na ridhimu peke yake haina maana bila besi. Waitwe wawili au watatu waliopiga pamoja, hata kama gitaa la zamani liko moja, wengine washike pacha wake.