Ripoti inasema "FRR ipo", ringi haina njia ya akiba: mafundi acheni usanii!

Wakuu, huu usanii umezidi. Fundi anakabidhi ringi ya ruta nne za Juniper zinazotembeza OSPF (itifaki ya ruta kutafuta njia fupi), na kwenye ripoti kaandika "fast reroute imewashwa, chini ya ms 50". Ndiyo hiyo FRR: laini ikikatika, trafiki inahamia njia ya akiba papo hapo, kwa milisekunde (ms). Fungua konfigi: kaweka link-protection (amri ya kuomba njia ya akiba) kwenye intafesi, basi!

Hebu tupige hesabu aliyoikwepa. Ringi ni A-B-C-D, kila laini gharama 10. Laini ya A-B ikikatika, A anataka kumkabidhi D trafiki ya B. D kufika B ni 20. D kurudi kwa A kisha kwenda B ni 20 vilevile. Sharti la LFA (jirani anayefaa kuwa akiba bila kukurudishia mzigo), lililo kwenye waraka wa RFC 5286, linataka ile ya kwanza iwe ndogo kuliko ya pili. Zikilingana D anakataliwa, maana anaweza kumrudishia A mzigo uleule. Kwa hiyo trafiki ya B haina akiba, hata uandike amri hiyo mara mia. Ringi inataka remote LFA, yaani akiba kupitia ruta ya mbali badala ya jirani:

set protocols ospf backup-spf-options remote-backup-calculation
set protocols ldp auto-targeted-session

Hapo A anapitisha pakiti kwenye tunnel hadi C (D anazipitisha tu bila kuamua njia), C anampa B. LDP (itifaki ya lebo inayojenga tunnel hiyo) itembee ringi nzima, siyo ruta mbili za ofisini.

Halafu kuna hili linalokera kuliko yote. Junos (mfumo wa ruta za Juniper) haishushi njia ya akiba kwenye PFE (chipu inayosukuma pakiti) mpaka utunge sera ya load-balance per-packet na kuiweka kama export chini ya routing-options forwarding-table. Bila hiyo, "show ospf backup spf" inakupa majibu mazuri kabisa, ila chipu haina habari. Na msiifute sera hiyo kwa kuogopa pakiti kuvurugika mpangilio. Japo inaitwa per-packet, inagawa kwa mtiririko: pakiti za mawasiliano mamoja zinapita njia moja.

Kukiwa na swichi au redio ya microwave katikati, upande wa pili ukikatika intafesi yako inabaki up. Hakuna cha kuistua FRR, OSPF inasubiri sekunde 40 (dead interval) ndipo imhesabu jirani kafa. Weka BFD (inayopima uhai wa jirani kwa pakiti za haraka), minimum-interval 50 multiplier 3, ambayo ni ms 150 (ile ahadi ya 50 imeshakufa hapo, mlijua?). Boksi linaloendesha BFD kwenye CPU kuu linaweza kuanza kuflap (jirani anaanguka na kurudi ovyo). Hapo pandisha minimum-interval hadi 300.

Kupima hakuna uchawi. Linux nyuma ya A, "sudo ping -i 0.01" kwenda nyuma ya B, chomoa faiba. Kila pakiti iliyopotea ni kama ms 10. Zikipotea 5, sawa. Zikikaribia 4,000, hiyo ni OSPF ilikuwa inasubiri dead interval. Rudia kwa kukata ng'ambo ya swichi ya katikati.

Wenye mitandao, kabla ya kusaini daini "show ospf backup coverage" (inaonyesha asilimia ya njia zenye akiba). Picha ya konfigi rudisheni, na hela ibaki kwenu.

Mnaolaza pande zote mbili za ringi kwenye mtaro mmoja, nyie nawafungulia uzi wenu.